Maisha ya Dakta Paul Ehrlich, Aliyetafuta Dawa ya Kuua Vijidudu

Ndugu wasomaji, ni nani kati yetu ambaye hajapata kumeza kidonge au kuchomwa sindano kwa ajili ya homa, jipu au kikohozi? Twapona, kisha twasahau. Wachache hujiuliza ni nani aliyefikiri kwanza ya kwamba mwanadamu aweza kutengeneza, kwa makusudi na kwa hesabu, dawa ya kumwua mdudu wa maradhi ndani ya mwili bila kumwua mgonjwa mwenyewe. Dawa chache za namna hiyo, kama kwinini, zilijulikana zamani, lakini zilipatikana kwa bahati. Aliyeanza kuzitafuta kwa utaratibu, akaishikilia kazi hiyo mpaka ikazaa matunda, ni Paul Ehrlich, Myahudi wa nchi ya Ujerumani.

Yafaa tuzijue habari zake kwa sababu mbili. Ya kwanza ni dawa aliyoipata. Ya pili husahauliwa mara nyingi: katika nyumba yake ya uchunguzi ndimo ilimoonekana wazi kwanza ya kwamba vijidudu vyaweza kuizoea dawa na kuwa sugu, hata dawa ile isividhuru tena. Jambo aliloliona katika panya wachache mwaka 1907 limeenea sasa duniani pote, nalo limefika milangoni petu.

1. Kuzaliwa na kusoma kwake

Paul Ehrlich alizaliwa tarehe 14 Machi 1854 katika mji mdogo wa Strehlen, jimbo la Silesia, ambalo siku zile lilikuwa chini ya mfalme wa Prussia. Leo mji huo umo katika nchi ya Polandi. Baba yake alikuwa na nyumba ya wageni. Upande wa mama alikuwa na ndugu aliyemzidi miaka tisa, jina lake Karl Weigert, naye alikuwa mganga. Huyu Weigert alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza waliotia rangi vijidudu ili vionekane vizuri katika hadubini, na kijana Paul alivutwa sana na kazi ile.

Siku zile viwanda vya Ujerumani vilikuwa vimegundua namna ya kutengeneza rangi za nguo kutoka katika lami ya makaa ya mawe. Ehrlich alisoma uganga Breslau, Strassburg, Freiburg na Leipzig, lakini popote alipokwenda moyo wake ulikuwa katika rangi hizo. Mikono yake ilikuwa na madoa ya buluu na nyekundu, na meza yake imechafuka. Mwaka 1878 alipata shahada yake ya udaktari kwa maandiko juu ya rangi hizohizo.

Wengine waliona kwamba anacheza. Lakini yeye alikuwa ameona neno ambalo wengine hawakulitilia maanani. Ukitia rangi katika kipande cha nyama ya mwili, haishiki mahali pote sawasawa: hushika hapa, ikaacha pale. Ehrlich akasema moyoni kwamba haiwezekani hayo yatokee bure. Lazima mahali inaposhika pana kitu kinachoipokea, kama kufuli linavyoupokea ufunguo wake na kuukataa mwingine. Basi ikiwa iko rangi inayomshika kijidudu na kuuacha mwili, je, haiwezekani ipatikane sumu itakayomshika kijidudu na kuuacha mwili? Fikira hii moja ndiyo iliyomwongoza maisha yake yote.

2. Ugonjwa wa kifua kikuu

Tarehe 24 Machi 1882 Dakta Robert Koch alisimama mbele ya waganga mjini Berlin, akaonyesha kijidudu kinacholeta kifua kikuu. Ehrlich, aliyekuwa mganga katika hospitali kubwa ya Charité katika mji uo huo, alikuwamo miongoni mwa wasikilizaji. Baada ya majuma machache tu alitoa njia iliyo bora ya kukitia rangi kijidudu kile. Aliona kwamba kikiisha kushikwa na rangi hakiiachi hata kikioshwa kwa asidi kali, hali vijidudu vingine huiacha. Njia ya kupima makohozi iliyotumika katika hospitali za dunia nzima kwa zaidi ya miaka 100 ina asili yake katika kazi hiyo.

Mwaka 1883 alimwoa Hedwig Pinkus, nao wakapata binti wawili. Lakini furaha yao iliingiwa na wingu. Yapata mwaka 1888 Ehrlich alipima makohozi yake mwenyewe, akaviona ndani yake vijidudu vilevile alivyofundisha watu kuvitia rangi. Akaondoka na mkewe kwenda Misri kutafuta hewa kavu, wakakaa huko mpaka 1889. Alipona, lakini aliporudi Berlin hakuwa na kazi. Akafanya uchunguzi katika maabara ndogo yake mwenyewe, mpaka Koch alipomkaribisha katika chuo chake kipya mwaka 1891.

Mwaka huohuo yeye na Dakta Paul Guttmann waliwapa wagonjwa wawili wa malaria rangi ya buluu iitwayo methilini, nao wakapata nafuu. Haikuwa dawa ya kuishinda kwinini, lakini ilimthibitishia Ehrlich kwamba njia yake haikuwa ndoto.

3. Seramu ya dondakoo

Kwa muda aliitwa kwenye kazi nyingine. Emil von Behring pamoja na Kitasato wa Japani walikuwa wameonyesha mwaka 1890 kwamba damu ya mnyama aliyezoeshwa sumu ya ugonjwa huwa na nguvu ya kuiondoa sumu ile. Kwa njia hiyo ilipatikana seramu ya dondakoo, ugonjwa uliokuwa ukiwaua watoto wengi kwa kuwaziba koo. Lakini seramu hiyo haikuwa na nguvu ya namna moja: chupa hii iliponya, chupa ile haikufaa kitu. Ehrlich ndiye aliyeweka kipimo, hata kila chupa ikajulikana nguvu zake kabla ya kutolewa kwa mganga. Mwaka 1896 alipewa chuo cha kupima seramu huko Steglitz, na mwaka 1899 kikahamishiwa Frankfurt, kwenye mto Main. Kwa kazi yake juu ya nguvu za mwili za kujikinga na maradhi, mwaka 1908 alipewa tuzo ya Nobel pamoja na Ilya Metchnikoff.

4. Malale, na jinsi usugu ulivyoonekana

Hapa habari zake zaingia katika nchi zetu. Tangu mwanzo wa karne ya 20 ugonjwa wa malale uliwaangamiza watu katika pwani za Ziwa Victoria upande wa Uganda. Hukadiriwa kuwa waliokufa katika miaka ile walizidi laki mbili. Visiwa vizima vilibaki bila watu. Iligunduliwa kwamba ugonjwa huletwa na kijidudu kiitwacho tripanosoma, nacho huchukuliwa na mbung'o.

Vijidudu vya jamii hiyo vyaweza kuishi katika panya, kwa hiyo Ehrlich aliweza kuvichunguza huko Frankfurt. Mwaka 1904 yeye na Kiyoshi Shiga, mganga wa Kijapani, walipata rangi nyekundu iliyowaponya panya wenye tripanosoma za namna moja. Mwaka uliofuata waganga wa Liverpool walionyesha kwamba dawa iitwayo atoksili, iliyokuwa na aseniki ndani yake, yaani sumu ile kali ya panya, huua tripanosoma pia. Dakta Koch mwenyewe alikwenda visiwa vya Sese mwaka 1906 akawatibu wagonjwa kwa atoksili. Wengi walipata nafuu kwa muda, lakini wengine walipofuka macho, kwa kuwa dawa ile iliharibu mishipa ya macho. Ehrlich aliona kwamba mshale wa aina hiyo haufai, maana humchoma adui na mwenye nyumba pamoja.

Wakati alipokuwa akitafuta dawa iliyo bora, jambo lisilotazamiwa likatokea. Panya wenye tripanosoma walipewa dawa kidogo, isiyotosha kuviua vijidudu vyote. Vijidudu vikatoweka katika damu, panya wakaonekana wazima. Baada ya siku chache vikarudi. Wakapewa dawa tena, vikatoweka tena, vikarudi tena. Mwisho wake dawa haikufanya kazi yo yote. Vijidudu viliogelea ndani yake kama samaki majini. Wasaidizi wake wakavichukua vijidudu hivyo wakavitia katika panya wengine ambao hawakupata kupewa dawa hata mara moja. Hata humo vilibaki sugu, na watoto wa watoto wao wakabaki sugu vilevile.

Ehrlich hakukata tamaa, bali alilichunguza jambo hilo kwa bidii. Aliona kwamba vijidudu vilivyokuwa sugu kwa rangi ya namna moja vilikuwa sugu kwa jamaa zote za rangi ile, lakini aseniki iliviua. Na vilivyokuwa sugu kwa aseniki viliuawa na rangi. Kwa hiyo alifahamu kwamba kila jamii ya dawa ina mlango wake wa kuingilia, na kijidudu kikiubadili mlango mmoja, mingine yaweza kuwa wazi bado. Akapata mafundisho mawili. La kwanza, adui apigwe mapema na kwa nguvu za kutosha, asiachiwe mabaki. La pili, yafaa kumshambulia kwa dawa mbili au zaidi zinazopita milango mbalimbali. Neno hili la pili alilifundisha mbele ya mkutano mkubwa wa waganga London mwaka 1913.

Leo wataalamu wafahamu zaidi kuliko alivyofahamu yeye. Kijidudu hakijifunzi kama mtoto shuleni. Katika mamilioni ya vijidudu hutokea vichache ambavyo asili yao imegeuka kidogo; dawa huua vilivyo dhaifu, vile vichache hubaki, hujaza shamba lote kama magugu yaliyosalia baada ya palizi. Na zaidi ya hayo, bakteria huweza kupeana urithi huo wa usugu hata kati ya aina na aina.

5. Dawa ya 606

Mwaka 1905 Schaudinn na Hoffmann walikigundua kijidudu cha kaswende. Ugonjwa huo uliwatesa watu wa Ulaya kwa mamia ya miaka, ukaharibu nyumba nyingi na kuwaua watoto tumboni. Ehrlich akaelekeza nguvu zake huko. Bwana Alfred Bertheim, fundi wa kemia, aliigeuza aseniki kwa namna mamia, na kila namna ikapewa nambari. Mwaka 1909 akafika Sahachiro Hata kutoka Japani, mtu mwenye subira, aliyejua kuwaambukiza sungura kaswende. Ehrlich akamwagiza azijaribu tena dawa zote, hata zile zilizokwisha kukataliwa. Ndipo ilipoonekana kwamba nambari 606, ambayo msaidizi mmoja wa zamani aliiona haina maana akaiweka kando, huwaponya sungura upesi sana.

Tarehe 19 Aprili 1910 habari hiyo ilitangazwa katika mkutano wa waganga huko Wiesbaden. Barua zikamiminika kutoka kila nchi. Ehrlich hakuiachilia dawa kuuzwa mara moja: dozi zipatazo 65,000 zilitolewa bure kwa waganga ili kwanza ijulikane faida yake na madhara yake. Ndipo ikauzwa kwa jina la Salvarsan, na mwaka 1912 ikafuatwa na Neosalvarsan, iliyokuwa rahisi zaidi kutumiwa.

Hata hivyo tumaini lake moja halikutimia. Alitamani sindano moja tu itoshe kumsafisha mgonjwa. Kwa sungura ilitosha. Kwa wanadamu wengi haikutosha. Ilibidi mgonjwa arudi mara nyingi, kwa miezi mingi, na dawa yenyewe ilikuwa na maumivu na hatari. Wengi walipoona vidonda vimekauka waliacha kurudi, na ugonjwa ukaendelea kwa siri ndani yao. Mambo kama hayo yalionekana Afrika Mashariki katika miaka ya 1920, dawa za jamii hiyo na za bismuti zilipoletwa kutibu buba. Watu walizikimbilia sindano kwa furaha, maana vidonda vilifunga upesi, lakini kuwarudisha wamalize matibabu ilikuwa kazi ngumu.

6. Lawama, kufa kwake, na jina lake kufutwa

Sifa haikuja peke yake. Wako waliosema kwamba dawa yake huua watu, na wengine kwamba imewafungulia wazinzi mlango. Mwenye gazeti mmoja wa Frankfurt aliandika kwamba wanawake malaya walilazimishwa kupewa dawa ile hospitalini, na kwamba waganga walijitajirisha. Mwaka 1914 alishtakiwa kwa kusingizia, Ehrlich akaitwa kutoa ushuhuda, na mahakama ikamfunga mwenye gazeti. Lakini mambo hayo yalimchosha sana. Naye kwa miaka mingi alikuwa mtu asiyejali mwili wake: alikula kidogo, akavuta biringi nyingi za tumbaku kila siku, akafanya kazi katika chumba ambacho vitabu na karatasi zilijaa hata juu ya viti. Alikufa tarehe 20 Agosti 1915 huko Bad Homburg, akazikwa katika makaburi ya Wayahudi mjini Frankfurt.

Baada ya Hitler kushika utawala mwaka 1933, jina la Ehrlich liliondolewa katika barabara ya Frankfurt iliyoitwa kwa heshima yake, kwa sababu tu alikuwa Myahudi. Mkewe mzee alilazimika kuikimbia nchi ambayo mumewe aliitumikia, akafa Marekani mwaka 1948. Vita vilipokwisha jina likarudishwa, na chuo cha serikali ya Ujerumani kinachosimamia chanjo na seramu chaitwa leo kwa jina la Paul Ehrlich.

7. Mambo yaliyofuata, nayo yatuhusu

Wengine walifuata njia aliyoifungua. Gerhard Domagk alipata dawa za salfa katika miaka ya 1930. Alexander Fleming aliigundua penisilini mwaka 1928, ikaanza kuwaponya watu katika miaka ya 1940. Naye mwaka 1945, alipopokea tuzo ya Nobel, aliwaonya watu kwamba dozi ndogo zitavifundisha vijidudu kuwa sugu. Streptomisini, dawa ya kwanza ya kijidudu cha kifua kikuu iliyofaa kweli, ilipatikana mwaka 1943. Ilipojaribiwa Uingereza, wagonjwa wengi walipata nafuu, kisha vijidudu vikawa sugu kwa muda wa miezi michache. Ndipo waganga walipochanganya dawa, kama Ehrlich alivyofundisha, na usugu ukapungua.

Katika kazi hiyo Afrika Mashariki ina sehemu ya heshima. Majaribio yaliyofanywa katika hospitali za Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, yakaanza kutangazwa mwaka 1972, yalionyesha kwamba kifua kikuu chaweza kutibiwa kwa miezi 6 badala ya mwaka na zaidi, mradi dawa zichanganywe sawasawa. Na tangu 1977 Tanzania, ikishauriwa na Dakta Karel Styblo, iliandaa mpango wa taifa ambao mgonjwa husaidiwa na kuangaliwa akimeza dawa zake. Utaratibu huo ukawa mfano, Shirika la Afya Duniani likaueneza katika nchi nyingi katika miaka ya 1990.

Hata hivyo vita havijakwisha. Klorokwini, iliyowaponya wazazi wetu malaria, ilishindwa, hata Tanzania ikaiacha mwaka 2001. Dawa iliyofuata nayo ikaachwa mwaka 2006, ikaja dawa ya mseto. Sasa dalili za usugu kwa sehemu iliyo kuu ya dawa hiyo ya mseto zimeonekana Rwanda mwaka 2020, Uganda mwaka 2021, kisha Kagera. Na wataalamu waliokusanya hesabu za dunia nzima walikadiria kwamba katika mwaka 2019 pekee watu milioni 1.27 walikufa kwa sababu bakteria wa maradhi yao walikuwa sugu kwa dawa, na kwamba watu wa Afrika kusini ya Sahara waliumia zaidi kwa kadiri ya wingi wao.

Basi, ndugu wasomaji, ninyi ambao watu huwajia kwa shauri, waelezeni mambo haya kwa upole. Mtu asinunue vidonge viwili dukani kwa sababu fedha yake yatosha viwili. Asimgawie jirani dawa alizobakiza, wala asiache dozi kwa kuwa ameamka bila homa. Ameze kadiri na siku alizoagizwa na mganga. Asimsihi mganga ampe dawa ya bakteria kwa mafua, maana mafua huletwa na virusi, na dawa hiyo haivigusi. Mfugaji asiwape kuku na ng'ombe dawa kama chumvi. Anayenawa mikono, anayechemsha maji, anayewapeleka watoto chanjo, huyo hupunguza haja ya dawa, naye huzilinda.

Dawa njema ni kama kisima cha kijiji. Aliyekichimba alitoka jasho jingi, na mmoja akikichafua, wote hunywa uchafu ule. Ehrlich alifanya kazi yake, akatuonyesha na hatari yake. Kukitunza kisima ni juu yetu.